Wanawake walioandika saa za bariyeri

Sisi tuliorudi nyumbani tunajua bariyeri: unatoka asubui mapema, lakini saa ya kufika haiko mikononi mwako.

Huko Palestina, Ukingo wa Magharibi uko chini ya jeshi la Israeli tangu 1967. Kisha maasi ya 2000, bariyeri zikawa nyingi zaidi. Mwaka 2001 wanawake Waisraeli wakaanzisha Machsom Watch. «Machsom» kwa Kiebrania ni bariyeri. Bila silaha, walisimama Qalandia, njia ya Ramallah kwenda Yerusalemu, na Huwara, karibu na Nablus. Waliandika: mstari una urefu gani, nani amerudishwa, mgonjwa amengoja muda gani. Mwaka 2002 Baraza la Makanisa Ulimwenguni nalo likaanza kutuma wajitolea. Kule Bethlehemu walihesabu wafanyakazi waliopita alfajiri.

Daftari halikuondoa bariyeri. Siku moja walipiga simu jeshini, mtu akapita. Siku ingine, hapana. Lakini kungojea kwa mtu wa kawaida kulipata tarehe na saa.

Na sisi, masaa tunayopoteza njia ya soko, nani anayaandika?