Kipakanishi: Programu Inayokataza Madirisha Kupandana

Kwenye kompyuta nyingi madirisha hupandana. Unafungua barua pepe, juu yake jedwali la hesabu, juu ya jedwali kivinjari, na baada ya saa moja hujui kipi kiko chini ya kipi. Ipo aina ya programu isiyoruhusu hali hiyo. Kila dirisha hupewa sehemu yake ya skrini na kuijaza hadi ukingoni. Likija jipya, yaliyokuwepo hujibana kulipisha. Programu hiyo naiita kipakanishi cha madirisha, au kipakanishi tu.

Jina lake la Kiingereza limetokana na vigae vya sakafuni. Sikulifuata. Fundi akishabandika vigae havisogei tena, na kwa kawaida vyote vina ukubwa mmoja; madirisha haya hubadilika ukubwa kila mara. Isitoshe, kwa wasemaji wengi kigae bado ni kipande cha chungu kilichovunjika. Kitenzi pakana kinatosha: Kenya inapakana na Uganda, wala haijaipanda mgongoni. Kinachopakanisha ni kipakanishi.

Timboroa, kule juu ambako reli ya Nakuru na Eldoret inavuka futi 9,000, kila mtu anajua shamba hugawanywaje. Akiwapo mrithi mmoja, ardhi yote ni yake. Akija wa pili, mpima ardhi anaitwa na bikoni zinapigwa katikati. Vipakanishi hutofautiana kwa namna ya kurithisha. Programu ya dwm, iliyotolewa mwaka 2006, huliachia dirisha kuu kipande kikubwa upande wa kushoto, na mengine yote hupangana kulia, kila jipya likizidi kuyabana. Programu ya i3, aliyoianzisha Michael Stapelberg mwaka 2009, hugawa sawa kwa sawa, kisha hukuruhusu kuchagua kipande kimoja na kukigawa chenyewe, hata ndani ya kipande hicho ugawe tena. Ukilifunga dirisha, majirani hurithi nafasi yake papo hapo.

Hapo ndipo istilahi inapokuwa ngumu kweli. Kugawa kwa mlalo ni kugawa vipi? Katika i3, kitufe cha Mod pamoja na h ndiyo amri ya mlalo, na madirisha hukaa ubavu kwa ubavu, maana yake mpaka kati yake umesimama wima. Katika kihariri cha maandishi cha Vim, mgawanyo wa mlalo huweka dirisha moja juu na jingine chini. Mmoja anataja mstari wa madirisha, mwingine anataja mpaka. Kutafsiri neno kwa neno ni kuuhamishia mkanganyiko huo kwetu bure. Afadhali tuseme gawa kando na gawa chini, na hakuna atakayeuliza maswali.

Kitufe cha Mod, ambacho watu wengi hukiweka kwenye kile chenye nembo ya Windows, ndicho kiongozi wa kila kitu katika i3. Mod na Enter hufungua terminali, Mod na d huita programu kwa jina, Mod na f hulipa dirisha moja skrini nzima. Kipanya kinabaki mezani kikipumzika. Skrini ikijaa, unahamia nyingine kwa Mod na tarakimu, 1 hadi 0. Wafasiri wameshalitumia neno eneokazi kwa ile skrini ya mwanzo yenye picha na ikoni, kwa hiyo skrini hizi kumi zinahitaji jina lao. Napendekeza chumba: madirisha ni ya chumba, na mtu anayeweka hesabu za magunia ya viazi anaweza kuweka jedwali na taarifa ya M-Pesa vikipakana chumba cha kwanza, barua za wateja chumba cha pili.

Wazo lenyewe ni la zamani. Windows ya kwanza, iliyotoka Novemba 1985, haikuruhusu madirisha ya programu yapandane. Yaliruhusiwa katika toleo la pili, mwaka 1987. Dunia nzima ikazoea rundo, na waliobaki na mipaka wakawa wachache, wengi wao waandishi wa programu.

Anayehamia kipakanishi ajue pia kwamba vitu anavyolinganisha haviko daraja moja. GNOME na KDE Plasma ni mazingira kamili ya eneokazi: ndani yake mna kipanga madirisha (Mutter kwa GNOME, KWin kwa Plasma), pamoja na mipangilio ya mtandao, sauti, betri, Bluetooth na kufunga skrini. Kipakanishi ni kile kipande cha madirisha peke yake. Ndiyo maana ni chepesi, na laptopu ya mtumba yenye gigabaiti 4 za kumbukumbu huanza kupumua. Ndiyo maana pia siku ya kwanza utagundua hakuna kinachokuonya betri ikikaribia kuisha, jambo zito mahali ambapo umeme hukatika mvua ikinyesha. Kila kimoja utakiongeza mwenyewe, kwa faili la maandishi, mstari baada ya mstari. Mimi naona ni kazi ya kufurahisha. Wengi wataiona adhabu, nao hawajakosea.

Si lazima kuvunja nyumba ya zamani. Mazingira ya Xfce na MATE hukubali kutolewa kipanga madirisha chao na kuwekewa i3, huku mtandao na betri vikiendelea kama kawaida. Au sakinisha i3 kando ya GNOME: kwenye skrini ya kuingilia, kabla ya kuandika nywila, kuna kialama cha gurudumu la meno kinachokuuliza unataka kuingia wapi leo.