Kura za maoni: "Mbona mimi sijawahi kuulizwa?"

UZI. Kila matokeo ya kura ya maoni yakitangazwa, swali ni lile lile: watu 2,000 watawasemeaje Wakenya zaidi ya milioni 47? Mimi sijaulizwa, jirani hajaulizwa, ati hao walioulizwa ni akina nani?

Hilo la mwisho ndilo swali. Idadi peke yake haikuokoi. Twende Marekani, 1936.

Jarida la Literary Digest lilituma karatasi kama milioni 10 kwa posta. Zikarudi zaidi ya milioni 2. Likatangaza kwamba rais aliyekuwa madarakani anaangushwa. Kura zilipohesabiwa, rais akapita na karibu asilimia 61. George Gallup, aliyehoji watu wachache mno kuliko hao, alikuwa ameshasema rais atashinda.

Milioni 2 walikosea vipi? Majina mengi yalitoka kwenye vitabu vya simu na orodha za wenye magari. Hapo uchumi umeporomoka, watu wanapanga foleni ya chakula. Mwenye simu na gari hakuwa kwenye foleni hiyo. Tena wengi waliotumiwa hawakujibu kabisa. Kufikia 1938 jarida lenyewe halikuwepo.

Lakini msimpigie Gallup makofi bado. 1948 naye alianguka. Wahoji wake walipewa hesabu (wanaume kadhaa, wanawake kadhaa, maskini kadhaa), kisha wakajichagulia nani wa kumhoji. Binadamu ukimwachia achague, atabisha mlango usio na mbwa. Pia aliacha kuhoji mapema, watu wakabadilisha nia.

Dawa mnaijua kutoka kwenye chama. Jina la kila mwanachama linaandikwa, karatasi zinakunjwa sawa, zinachanganywa, mtu anachomoa bila kuangalia. Mwenyekiti na aliyejiunga jana wana nafasi sawa. Hiyo ndiyo sampuli nasibu rahisi. Watu 2,000 wakichomolewa hivyo, kwa kawaida jibu litapotoka kama asilimia 2 tu juu au chini, nchi iwe kubwa au ndogo.

Ila jina ambalo halikuingia kwenye kofia halitatoka, hata ukichanganya mpaka asubuhi. Asiye na simu hayumo kwenye utafiti wa simu. Na ile kura ya mtandaoni ya watu 80,000 haina hata kofia. Watu wamejibonyezea wenyewe.

Sheria yetu ya 2012 inataka mchapishaji wa kura za maoni za uchaguzi aeleze nani alilipa na waliohojiwa walitoka kundi gani. Kawaida iko chini kabisa, kwa maandishi madogo. Anzia hapo.