Anayejulikana kwa Jina: Mteja wa Kudumu katika Historia na Fasihi ya Baa nchini Kenya

Utangulizi

Uhakiki wa riwaya ya mjini nchini Kenya umezoea kuitazama baa kama kielelezo cha uozo. Mhusika anapoingia baa, mhakiki huandika kwamba jamii imepotoka, na anapotoka akipepesuka, mhakiki huona ithibati. Mtazamo huu una ukweli, lakini unaacha swali moja bila jibu. Iwapo kinachotafutwa ni ulevi tu, kwa nini mnywaji apite milango mitano ili afike ule wa sita, aketi pale alipoketi jana na kuhudumiwa na yule yule aliyemhudumia juzi? Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba raha ya mteja wa kudumu ni raha ya kutambuliwa, na kwamba raha hiyo ina historia yake. Aidha, yanadai kwamba fasihi ya miaka ya 1970 iliielewa historia hiyo vyema zaidi kuliko wahakiki wake.

Mangweni: unywaji kama ushahidi

Pwani, mahali pa kunywea tembo la mnazi huitwa mangwe. Anayekwenda mangweni kila jioni haendi kununua kinywaji pekee. Miongoni mwa Wagiriama, kama David Parkin alivyoeleza katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 1972, tembo liliandamana na mapatano ya kuhamisha minazi na ardhi, na wazee walioshiriki kinywaji hicho ndio waliotarajiwa kuwa mashahidi wakati wa ugomvi. Kwa hiyo kuwapo mahali pamoja mara kwa mara kulikuwa na uzito wa kijamii, kwani aliyezoeleka ndiye aliyeweza kuaminiwa.

Methali isemayo mgema akisifiwa tembo hulitia maji hufasiriwa kwa kawaida kama onyo dhidi ya sifa. Hata hivyo, methali hiyo inachukulia kwamba mnywaji na mgema wanajuana. Mpita njia hana nafasi ya kumsifu mgema hata akaharibika, wala hawezi kutambua kwamba tembo la leo si kama la jana. Anayeweza kusifu, na anayeweza kudanganyika, ni yule yule aliyezoea. Methali inatufunza mapema kwamba mazoea ni tunu na pia ni hatari.

Nairobi: namba na jina

Mjini Nairobi hali ilikuwa tofauti. Kuanzia miaka ya 1919 na 1920 serikali ya kikoloni ilimlazimisha mwanamume Mwafrika kubeba kipande, hati iliyowekwa ndani ya kijaluba cha chuma na kuvaliwa shingoni. Mbele ya mwajiri na askari, mtu alikuwa namba, alama za vidole na maneno ya bwana wake wa zamani.

Mapema katika miaka ya 1920 baraza la mji lilianzisha mtaa wa Pumwani kwa ajili ya Waafrika na kuweka huko ukumbi wa pombe uliomilikiwa na baraza lenyewe. Mfano wake ulitoka Durban, ambako tangu 1908 manispaa ilihodhi uuzaji wa pombe ya Waafrika na kutumia faida yake kugharimia usimamizi wao. Mnywaji alichangia mfuko wa huduma zake mwenyewe, huku wanawake waliopika pombe majumbani wakisakwa na polisi.

Wazungu nao walikuwa na mahali pao. Hoteli ya Norfolk ilifunguliwa mwaka 1904, na baraza yake ikawa makao ya jioni ya walowezi. Tarehe 16 Machi 1922, umati ulipokusanyika karibu na hapo kudai kuachiliwa kwa Harry Thuku, ambaye miongoni mwa malalamiko yake kilikuwamo kipande, polisi walifyatua risasi na watu 21 wakauawa kwa hesabu ya serikali. Inasimuliwa kwamba baadhi ya walowezi waliokuwa barazani walishiriki kufyatua. Tukio hilo linaonyesha jinsi undugu wa wanywaji wa mahali pamoja unavyoweza kuwa undugu wa kuwafungia wengine nje.

Mwafrika aliyetaka kutambuliwa kwa njia nyingine aligeukia vyumba vya Pumwani. Luise White, katika kitabu chake cha mwaka 1990, ameonyesha kwamba baadhi ya wanawake waliomiliki au kupanga vyumba huko waliuza si mwili pekee, bali chai, chakula, maji ya kuoga na mazungumzo. Mgeni aliyerudi tena na tena alipata, kwa saa chache, mambo ya nyumbani ambayo mshahara na sheria za makazi vilimnyima. Hapo hakuitwa kwa namba. Kwa maoni ya makala haya, chimbuko la mteja wa kudumu wa Nairobi ni chumba hiki zaidi ya ukumbi wa manispaa.

Fasihi ya miaka ya 1970

Uhuru haukuondoa upweke wa mfanyakazi. Katika Going Down River Road (1976) ya Meja Mwangi, Ben na Ocholla hufanya kazi ya ujenzi wa jumba refu ambalo hawatakuwa na nafasi ndani yake litakapokamilika. Kazini wao ni mikono tu. Jioni huenda Karara Centre, na huko wana kauli, wana utani na wana historia. Wahakiki wameona humo kukata tamaa. Ni kweli kwamba pombe ile inawadhuru, lakini urafiki wa wawili hawa, ambao ndio nguzo ya riwaya, unalelewa pale pale.

Ngũgĩ wa Thiong'o analichunguza suala hili kwa kina zaidi. Katika Petals of Blood (1977), duka la Abdulla huko Ilmorog ndilo linalomfanya mwalimu Munira, aliyefika akiwa mgeni, awe mtu wa kijiji. Baadaye Abdulla na Wanja wanafanikiwa kwa kinywaji cha Theng'eta, kisha haki ya kukitengeneza inaangukia mikononi mwa matajiri wanaojenga kiwanda. Abdulla anaishia kuuza machungwa barabarani. Kinywaji kinabaki na jina lile lile, ila waliokinywa pamoja wametawanyika. Hapa Ngũgĩ anadokeza kwamba mtaji unaweza kununua pombe na leseni, lakini hauwezi kununua mazoea, na kile usichoweza kukinunua hukivunja.

Hata hivyo, ni hadithi fupi "Minutes of Glory", iliyomo katika Secret Lives (1975), inayouliza swali gumu kuliko yote: nani humtambua anayetambua wengine? Beatrice ni mhudumu anayehama baa moja hadi nyingine akitamani kuonwa. Mteja wake wa kudumu, mwenye lori, humsimulia maisha yake na taabu alizopitia. Siku Beatrice anapojaribu kusimulia ya kwake, mteja amelala. Anamwibia fedha, ananunua mavazi, anarudi baa na kung'ara kwa dakika chache kabla ya kukamatwa. Wizi huu haueleweki ukisomwa kama tamaa tu. Beatrice anadai deni. Kwa miezi amekuwa sikio la mtu mwingine, na sikio hilo halikulipwa usikivu.

Hitimisho

Raha ya mteja wa kudumu basi si jambo dogo. Mwenye baa anayempa mteja kinywaji na kuandika deni daftarini humpa imani ambayo benki haikumpa. Mhudumu anayemwita kwa jina humpa kile ambacho kipande kilimpokonya. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010 iliyapangia mabaa saa za kufungua na kufunga kwa ajili ya afya na usalama, na sababu zake zina msingi. Lakini sheria hupima vileo na saa, nayo haina kipimo cha haja ya binadamu ya kungojwa mahali fulani jioni.

Uhakiki unaweza kuipima haja hiyo, mradi usikubali kuona upande mmoja tu. Anayesoma baa kama uozo humsahau Ben. Anayeisoma kama udugu mtupu humsahau Beatrice, aliyesimama usiku kucha akiyakumbuka majina ya watu wengine, hali jina lake halisi, Wanjiru, hakuna aliyeliuliza.