Ukimtaka mgeni ajue Kiswahili, mhoji kwa Kiswahili

Mwaka juzi jirani yangu aliniomba nimfundishe Kiswahili, nami nikacheka. Mama huyu ni mzaliwa wa Ethiopia. Amepika injera na kahawa katika mtaa wetu hapa Nairobi kwa zaidi ya miaka 20, na Kiswahili anacho. Hubishana bei na wenye mikokoteni, huwabembeleza kanjo wasimbebee meza, na akiamua kumkaripia mtu humkaripia mpaka majirani tukafungua madirisha. “Hicho ni Kiswahili cha soko, Mwalimu,” akaniambia. “Mimi nataka cha serikali.” Kumbe alikuwa ameomba uraia na kuelezwa kwamba sharti athibitishe anaijua lugha.

Basi jioni tatu kwa wiki, kwa miezi mitatu, tulipambana na ngeli. Ukuta huu, kuta hizi. Ugonjwa huu, magonjwa haya. Alizoea kusema “kiti yangu” kama Wanairobi wengine wote, wazaliwa kwa wageni, nami sikuwa na uso wa kumwambia kwamba ni yeye peke yake anayekosea. Siku ya mahojiano nilimsindikiza hadi afisi husika, nikaketi kwenye benchi nje, mlango ukiwa wazi. Fomu aliyoijaza ilikuwa ya Kiingereza. Afisa alimsalimia kwa Kiingereza, akamuuliza maswali kwa Kiingereza, na mama alipojibu kwa Kiswahili chake kilichopigwa pasi, aliombwa atumie Kiingereza ili kazi iende haraka. Kiingereza chake hakivuki kuhesabu pesa. Alitoka akijifuta jasho kwa ncha ya mtandio.

Sina nia ya kumsuta afisa yule. Mambo haya hayakuanza naye, na ili kuyaelewa hatuna budi kurudi nyuma zaidi ya miaka 100.

Wageni walioletwa kwa maelfu mwanzoni mwa ukoloni walikuwa Wahindi wa reli. Kati ya 1896 na 1901 waliletwa takriban 32,000, na waliobaki baada ya mikataba yao kwisha walikuwa kama 6,700. Hakuna aliyewatungia sheria ya lugha. Lakini wao na wenzao waliofuata kufungua maduka bara walijua kwamba mwenye duka asiyeweza kusema “sukari imeisha, njoo kesho” atalala njaa. Walikisema Kiswahili cha kaunta, kisichojali ngeli, na mteja akaelewa, hata pale ambapo hawakupendana.

Walowezi wa Kizungu nao walijifunza, tena kwa kitabu. Mwaka 1936 F. H. Le Breton alichapisha Up-Country Swahili, akiwalenga askari, walowezi, wachimba madini, wafanyabiashara na wake zao. Maafisa wa serikali ya kikoloni walifanya mitihani ya Kiswahili. Kwa hivyo ukiwapima kwa kuuliza tu iwapo mgeni amejifunza lugha, wengi wao wangepita. Lakini kile Kiswahili cha mashambani, tulichokuja kukiita Kisetla, kilijaa amri. Lete. Peleka. Kuja hapa. Ngoja. Ungeweza kuishi nacho miaka 30, ukaletewa chai kila asubuhi, bila kuwahi kumuuliza mpishi wako maoni yake kuhusu jambo lolote. Sijui kama hiyo tuiite kujua lugha.

Mkumbuke pia Makhan Singh. Alizaliwa Punjab mwaka 1913, akafika Kenya mwaka 1927 akiwa bado kijana mdogo. Alipoanza kuongoza chama cha wafanyakazi mwaka 1935, vipeperushi vya chama vilitolewa kwa lugha za Bara Hindi na kwa Kiswahili pia, maana mgomo hauwezi kufaulu ikiwa nusu ya wafanyakazi hawajui umeitishwa lini. Mnamo Aprili 1950, katika mkutano wa Kaloleni hapa Nairobi, alidai hadharani uhuru wa Afrika Mashariki. Mwezi uliofuata alikamatwa, akazuiliwa hadi 1961. Huyu pia alikuwa mhamiaji, sawa na mlowezi wa Kisetla. Ndiyo maana lile swali la iwapo mhamiaji ajifunze lugha ya wenyeji haliniridhishi likiulizwa peke yake. Ajifunze ili afanye nini nasi?

Kenya huru ilijibu kisheria. Katika katiba yetu ya zamani, ile iliyotumika hadi 2010, mgeni aliyeomba uraia wa tajnisi alitakiwa awe na ujuzi wa kutosha wa Kiswahili. Kiingereza hakikutajwa. Ng’ambo ya mpaka, sheria ya uraia ya Tanzania ya 1995 inamruhusu mwombaji ajue Kiswahili au Kiingereza. Yaani sisi tunaochekwa kwa Kiswahili chetu kibovu ndio tuliokuwa wakali kuliko Watanzania!

Lakini hebu tazama mlango wa pili wa nyumba hiyo hiyo. Katika miaka ya mwanzo ya uhuru, aliyetaka ubunge alilazimika kukijua Kiingereza, kukisema na kukisoma vizuri vya kutosha kushiriki mijadala. Kiswahili kingekutosha uwe Mkenya, ila kisikufikishe Bungeni. Mwezi Julai 1974 Mzee Jomo Kenyatta aliagiza Kiswahili kiwe lugha ya Bunge, na katiba ikarekebishwa. Hata hivyo, miswada iliendelea kuandikwa kwa Kiingereza, na kufikia 1979 Kiingereza kilikuwa kimerudi kwenye mijadala.

Katiba ya 2010 ilikifanya Kiswahili lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi. Sheria ya uraia ya 2011 nayo inamtaka anayeomba uraia kwa msingi wa kuishi nchini aweze kuelewa na kusema Kiswahili au lugha ya kienyeji. Hapo kwenye lugha ya kienyeji napapenda sana. Mgeni aliyekaa Lodwar hadi akaota ndoto kwa Kiturkana, nani wa kumwambia hajawa wa huku? Kiingereza, tena, hakimo katika sharti hilo. Kimo katika fomu na katika kinywa cha anayehoji.

Wapo wenzangu wanaosema kumshurutisha mhamiaji lugha ni kumwonea. Siwaungi mkono. Jirani yangu ananisimulia kwamba katika mwaka wake wa kwanza Nairobi, binti yake wa miaka tisa, aliyeokota Kiswahili upesi kwa watoto wenzake, ndiye aliyekuwa mkalimani wake hospitalini. Mtoto alimweleza daktari maradhi ya mamake, na mengine hayakuwa ya masikio ya mtoto. Mama anasema aibu ya siku hiyo ndiyo iliyomfundisha Kiswahili, si sheria. Kwa hivyo ajifunze, na sheria imtake ajifunze. Ila sheria ikishamtaka, afisi ina deni: impokee, imhoji na imwandikie kwa lugha hiyo hiyo. Vinginevyo tunampima kwa mizani ambayo wenyewe tumeificha chini ya kitanda.

Jibu la ombi lake halijaja. Masomo tunaendelea nayo, ingawa sasa yeye ndiye anayechagua mada. Wiki iliyopita alitaka tuandike barua ya kuuliza ombi limefikia wapi. Nilimuuliza tuiandike kwa lugha gani. Alikoroga kahawa kidogo, akasema tuandike mbili.