Faida ya Jana Si Akiba ya Kesho

Historia ya kampuni ya sukari ya Mumias, katika nchi jirani ya Kenya, ni fundisho kwa askari anayenunua hisa kwa akiba yake. Mwaka 2012 kampuni hiyo ilitangaza faida ya takriban shilingi bilioni 2 za Kenya. Mwaka uliofuata ikapata hasara. Mwaka 2019 benki iliyoidai iliiweka chini ya msimamizi.

Hesabu ya faida ina manufaa: huonyesha kama mtaji umezaa. Lakini peke yake haionyeshi upungufu wa miwa mashambani, fedha taslimu zilizopo, wala uzito wa madeni. Kamanda hodari hatosheki na ushindi wa jana. Hukagua pia ghala la risasi. Mwenye akiba naye afanye vivyo hivyo.