Jack London na Shtaka la Kughushi Maumbile

Mwaka 1907 Rais Theodore Roosevelt wa Marekani, yule yule aliyekuja kuwinda kwetu mwaka 1909, alimshutumu Jack London kwa kughushi maumbile. Katika White Fang (1906) mbwa wa kufugwa amlemea chotara wa mbwa-mwitu. Jambo hilo, alidai, ni muhali. London, aliyepata kuishi Klondike, alijibu mwaka 1908 kwamba alikariri makusudi kuwa mbwa wake hawafikiri, hutenda tu. Utetezi huu twauona dhaifu: Buck wa The Call of the Wild (1903) humwona njozini binadamu wa kale. Fanani wetu humsemesha sungura bila kushtakiwa, kwani hadai elimu. London alidai hadithi zake zaafikiana na elimu ya mageuko ya viumbe.