Kuiga na Kuumba

Elimu ya mtoto huanza kwa kuiga. Huiga maneno ya mama yake, mwendo wa baba yake na michezo ya wenzake. Hakuna aibu katika kuiga huku, maana pasipo kuiga hapana mtu ambaye angejua kusema wala kulima. Lakini mtu aliyeishi miaka yake yote kwa kuiga tu amefanana na kivuli: hufuata kila aendako mwenye mwili, wala hakina safari yake chenyewe. Kazi ya shule njema ni kumtoa mtoto katika kuiga na kumfikisha katika kuumba. Kazi hii ni ngumu kuliko inavyodhaniwa. Jinsi inavyofanywa, na vipingamizi vyake, twaweza kuviona katika historia ya shule moja ya sanaa iliyoanza mjini Kampala, miaka michache kabla ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia.

Katika miaka ya 1930 shule nyingi za Afrika Mashariki zilikuwa mikononi mwa misheni. Wanafunzi walifundishwa dini, kusoma, kuandika na hesabu, na pamoja na hayo kazi za mikono kama useremala, uashi na kilimo. Kazi za mikono zilifundishwa ili mwanafunzi apate kutengeneza kiti au mlango kwa kufuata kipimo alichopewa. Kufuata kipimo ni jambo jema, lakini nyuma ya mafundisho hayo palikuwa na dhana iliyojificha. Wageni wengi waliamini kwamba Mwafrika ana mikono hodari ya kufuata mfano, lakini hana fikira za kubuni mfano wake mwenyewe. Wengine walisema kwamba Afrika Magharibi ina sanaa, lakini Afrika Mashariki haina.

Dhana hiyo ilikanushwa na macho ya kila aliyetaka kutazama. Waganda walikuwa wakitengeneza nguo kwa magome ya mti wa mtuba, wakifinyanga vyungu na kusuka vikapu. Katika Lamu na miji mingine ya pwani, mafundi walikuwa wakichonga milango ambayo mpaka leo wageni husafiri kutoka mbali ili kuiona. Basi mtoto akienda shule alipita penye mafundi. Akiingia darasani, darasa halikuwajua. Hilo ndilo lililokuwa hasara kubwa. Mwanafunzi alijifunza polepole kwamba kila kilicho kizuri hutoka ng'ambo, na kwamba sehemu yake ni kukinakili.

Katika mwaka wa 1929 alifika Kenya mwanamke mmoja Mwingereza, Bibi Margaret Trowell, pamoja na mumewe aliyekuwa daktari. Bibi huyo alizaliwa mwaka 1904, akasoma uchoraji katika shule ya sanaa ya Slade mjini London. Baadaye alijifunza ualimu, akapata mafundisho ya Marion Richardson, mwalimu aliyekuwa ameleta njia mpya ya kuwafundisha watoto kuchora. Richardson hakuwapa watoto picha ya kunakili. Aliwaeleza jambo kwa maneno, nao wakafumba macho mpaka waone picha katika nafsi zao, ndipo wakachora walichokiona. Bibi Trowell alikaa Machakos, akavutiwa na kazi za mikono za Wakamba. Katika mwaka 1935 mumewe alihamishiwa hospitali ya Mulago katika Kampala, naye akaenda na ile njia ya Richardson moyoni.

Shule yake haikuanza katika jumba. Mnamo mwaka 1937 alianza kuwafundisha watu wachache katika baraza ya nyumba yake. Vyombo vyao vilikuwa vichache, wala somo lao halikuwa na mtihani. Bibi Trowell aliwasimulia wanafunzi mambo waliyoyajua: maisha ya kijijini, hadithi za wazee, visa vya Biblia. Kisha aliwaachia wayatie katika picha kwa macho yao wenyewe. Mwanafunzi hakuambiwa mti huchorwa hivi au mtu huchorwa vile. Aliulizwa ameona nini.

Yafaa tufikiri jinsi swali hilo lilivyokuwa geni. Mwanafunzi wa siku zile alikuwa amezoea kuulizwa ameambiwa nini na mwalimu, si ameona nini mwenyewe. Tena Makerere ilikuwa mahali pa kupata uganga, ualimu na ukulima wa kisasa, yaani kazi zenye mshahara. Mzazi aliyeuza mbuzi ili kumsomesha mwanawe angeuliza kwa haki: rangi na udongo wa mfinyanzi vitampa mtoto wangu kazi gani? Swali hilo halijafa. Wengi wenu mnaosoma ukurasa huu mmekwisha kulisikia nyumbani.

Jibu lilianza kuonekana upesi. Katika mwaka 1939 kazi za wanafunzi hao zilipelekwa London, zikaonyeshwa hadharani. Madarasa ya barazani yakawa shule ya sanaa katika Chuo cha Makerere, na vijana wa Kenya, Uganda na Tanganyika wakaja kusoma pamoja. Lakini jibu lililo kubwa zaidi si maonyesho, bali ni watu waliotoka humo.

Wa kwanza ni Gregory Maloba, mwana wa Mumias katika Kenya. Alikuja Makerere akiwa kijana, akashika patasi na udongo, akawa mchongaji mkubwa, kisha mwalimu mahali pale pale alipofundishwa. Uganda ilipopata uhuru tarehe 9 Oktoba 1962, sanamu yake ilikuwa imesimama katikati ya mji wa Kampala, na ingali imesimama. Inaonyesha mwanamke aliyezungukwa na vifungo mwilini, naye anamwinua mtoto juu, na mtoto ameinua mikono yake kuelekea mbinguni. Uganda ilihitaji alama ya kuzaliwa kwake, na aliyeiumba alikuwa kijana wa Kenya. Hivyo ndivyo sanaa inavyovuka mipaka bila ya kuomba ruhusa.

Wa pili ni Sam Ntiro, mwana wa Kilimanjaro katika Tanganyika. Ntiro alichora yale aliyoyajua tangu utoto: migomba, mashamba, watu wakifanya kazi pamoja chini ya mlima. Mwaka 1956 alichora picha ya wanaume wakimpelekea bibi arusi pombe ya ndizi wakati wa usiku. Mwaka 1960 picha hiyo ikanunuliwa na Jumba la Sanaa za Kisasa la New York. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, Ntiro alipelekwa London kuwa Balozi wa nchi yake. Tazama basi: picha ya arusi ya kijijini, ambayo mwalimu mwingine angeiita mchezo wa watoto, ilipokewa na jumba lenye sifa duniani. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Ntiro hakuuacha mbacha wake, na mbacha ukamfikisha mbali.

Wa tatu ni Elimo Njau, aliyezaliwa Marangu mwaka 1932. Mwaka 1959 alichora picha tano kubwa katika kuta za kanisa la Murang'a, mji ulioitwa Fort Hall siku hizo, kanisa lililojengwa kuwa ukumbusho wa Wakristo waliouawa katika miaka ya vita vya Mau Mau. Alichora kuzaliwa kwa Yesu, kubatizwa kwake, karamu ya mwisho, Gethsemane na kusulubiwa. Lakini milima iliyo katika picha hizo ni milima ya Waafrika, na watu waliomo ni Waafrika. Kwa muda mrefu waumini walikuwa wameona picha zilizotoka Ulaya, na mtoto aliyeziona angeweza kudhani kwamba utakatifu ulikuwa na ngozi moja na nchi moja tu. Njau hakubishana na mtu. Alichora. Katika mwaka 1965, yeye na wenzake walifungua Nairobi nyumba ya sanaa iitwayo Paa ya Paa, na katika mafundisho yake yote alihimiza jambo moja: kwamba asiumbe mtu kwa kunakili, maana anayenakili hukilaza usingizi kipawa alichopewa na Muumba.

Nisije nikamdanganya msomaji kwamba njia ya Bibi Trowell haikuwa na kasoro. Kwa kuogopa wanafunzi wasije wakaiga Ulaya, hakupenda kuwaonyesha sana kazi za wachoraji wa Ulaya. Nia ilikuwa njema, lakini mlango uliofungwa kumzuia mwizi humzuia mgeni mwema pia. Kijana asiyeonyeshwa kazi za wengine amehifadhiwa kama mtoto, naye si mtoto. Alipostaafu mwaka 1958, nafasi yake ilishikwa na Cecil Todd, aliyewafundisha wanafunzi kuchora kwa kutazama vitu vyenyewe, akawafundisha nguvu za rangi na historia ya sanaa ya nchi nyingine. Watu wamebishana tangu hapo ni nani kati yao aliyekuwa na haki zaidi.

Nionavyo mimi, kila mmoja alishika upande mmoja wa ukweli. Kujifunza kwa jirani si kuiga. Fikiri habari za Mutisya Munge wa Wamunyu katika Ukambani. Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza alikuwa Tanganyika, na huko akaona ustadi wa wachongaji wa vinyago. Aliporudi kwao akauendeleza ustadi huo kwa miti ya kwao na wanyama wa kwao, akawafunza wengine, hata uchongaji ukawa kazi ya Wakamba inayojulikana kote. Munge alichukua ujuzi kwa jirani, lakini alichofanya nao kilikuwa chake. Aigaye huchukua kitu kilichokwisha. Ajifunzaye huchukua njia ya kutengenezea kitu. Tofauti hiyo ndiyo inayompasa mwalimu kuilinda na mwanafunzi kuitafuta.

Yuko mwanafunzi mmoja wa Makerere ambaye habari zake nimeziweka nyuma, maana ndizo zinazotufaa zaidi. Rosemary Karuga alizaliwa Meru mwaka 1928, akaingia shule ile ya sanaa mwaka 1950, mwanamke wa kwanza kusoma humo. Alipomaliza mwaka 1952 hakupewa jumba la maonyesho. Akawa mwalimu wa shule, akalea watoto, na miaka mingi ikapita. Alipostaafu, katika miaka ya 1980, alirudi kwenye sanaa, wala hakuwa na fedha za kununulia rangi. Basi alichukua karatasi za pakiti za unga na sabuni, akazikata vipande vidogo vidogo, akavibandika kwa uangalifu mpaka vikawa wanyama, miti na watu. Mwaka 1990 kazi zake zilionyeshwa New York katika jumba la sanaa la Harlem. Mafunzo ya miaka miwili tu, yaliyotiwa katika moyo wa msichana, yalikaa kama mbegu kwa zaidi ya miaka thelathini, kisha yakaota katika karatasi ambayo watu wengine huitupa.

Mwenye kupima shule kwa mtihani wa mwisho wa mwaka hawezi kuipima mbegu ya namna hii. Hapo ndipo hatari ilipo. Katika Kenya, mfumo wa 8-4-4 ulipoanzishwa mwaka 1985, masomo ya sanaa na ufundi yalipewa nafasi katika shule za msingi. Baadaye, wazazi na walimu walipolalamika kwamba mzigo wa masomo umekuwa mzito, masomo hayo yalikuwa miongoni mwa yale yaliyopunguzwa. Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutumika katika madarasa ya kwanza nchini kote mwaka 2019, umetaja ubunifu miongoni mwa umilisi saba wa msingi. Hilo ni neno jema. Lakini neno kuandikwa katika mtaala ni jambo moja, na kukaa darasani ni jambo jingine. Ubunifu haufundishwi kwa kunakili ubaoni maelezo ya ubunifu. Wala haufundishwi pale ambapo mzazi humnunulia mtoto kazi ya mikono sokoni ili aipeleke shuleni kama yake. Huko ni kurudi pale tulipotoka, tena kwa gharama kubwa zaidi.

Wala usidhani, ewe mwanafunzi, kwamba mambo haya yanawahusu wachoraji peke yao. Anayekariri insha ya mwaka jana ili aimwage katika mtihani wa mwaka huu ananakili. Anayetazama kisima cha kijiji chake, akauliza kwa nini maji hupungua mwezi fulani, kisha akapima na kuandika, ameanza kuumba, hata kama somo lake ni sayansi. Katika hesabu, katika kilimo, katika lugha, swali lile la barazani lina nafasi yake: wewe umeona nini?

Shule ile ya Kampala haikuanza na mali. Ilianza na baraza, rangi chache, na mwalimu aliyeamini kwamba wanafunzi waliokaa mbele yake walikuwa na kitu ambacho yeye hakuwa nacho. Shule nyingi zetu hazina maabara ya kutosha wala vitabu vya kutosha, na ni haki kuvidai. Lakini imani ile hainunuliwi, na mwalimu asiye nayo hataipata katika jengo jipya. Mwanafunzi naye ana sehemu yake. Maloba alishika patasi miaka mingi kabla sanamu yake haijasimama, na Karuga alikata karatasi kipande kwa kipande. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Atakaye kuumba hana budi kwanza kutazama kwa makini, kisha kufanya kazi kwa subira, na kukubali kwamba kazi yake ya kwanza itakuwa na kasoro. Kasoro hiyo ni yake mwenyewe, naye ataweza kuitengeneza. Lakini uzuri alioazima kwa mwingine hataweza kuuongeza hata chembe.